Jumanne za Bibi Zuwena

Siku ya tatu ya msiba, alasiri, Mama Khulud alikaa katikati ya ukumbi wa marehemu, akala tende yake ya nne, akajifuta vidole, akasema, "Allah yarhamha, alikuwa mtu wa ndani. Miaka yote tumeishi ukuta kwa ukuta, sikumwona hata siku moja akitoka usiku." Wanawake wakaitikia. Mmoja akasema wanawake wa namna hiyo wamekwisha duniani. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, mwanangu Aziza wa miaka mitatu amelala mapajani, na uso wote ulikuwa unaniwaka. Kama angemsema Bibi Zuwena vibaya ningenyamaza, maana maiti husemwa, na Mungu ndiye mlipaji. Lakini alikuwa anamsifu, na sifa yenyewe ilikuwa ya kumzika mara ya pili. Upande wa pili wa ukumbi alikaa Bibi Rahma wa Sur, muuza udi, tasbihi mkononi, macho chini. Yeye alijua ninachokijua. Tulikuwa hatujasemeshana kwa miaka minane.

Nilifika Ibra, Oman, kwa kazi ya nyumbani nina miaka ishirini na mbili, na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ambayo hakuna aliyeniomba niifungue. Bwana Salim, mwanawe Bibi, alinipokea uwanja wa ndege mwenyewe. Tulipopita Bidbid, pale njia ya Ibra inapojitenga na ya Nizwa, alipunguza mwendo akanipa masharti. Mama ana sukari: sindano asubuhi na magharibi, na chakula papo hapo baada ya sindano. La pili, usiku mama hatoki. Daktari kasema apumzike, na yeye yuko Maskati kikazi, anakuja Alhamisi hadi Jumamosi tu. "Nitapiga simu saa tatu kila usiku," alisema. "Uniambie kweli. Ukinificha jambo juu ya mama yangu, unarudi Tanga na ndege ya kwanza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekabidhi yai. Nikasema ndiyo, baba, na nilimaanisha, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi watu wengi kwetu kwamba sitarudi kabla ya mkataba kwisha.

Bibi alinipokea kitandani, mwembamba, kilemba cha rangi ya zambarau kichwani, mdomo umejaa tambuu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama kama anayechagua kitambaa. "Wa wapi wewe?" "Tanga, Bibi." "Tanga. Basi kupika unajua. Karata je?" Nikasema sijui. Akasonya, akageukia ukutani. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha besera walichokitoa Unguja mwaka waliokimbia, sanduku la njumu, kiyoyozi kinachotoa maji kwenye beseni, na dirisha moja lenye pazia nene linalotazama uchochoro. Juma la kwanza nililala kwenye godoro chini ya dirisha lile, nikisikiliza. Nilidhani Ibra hakuna usiku. Baada ya isha maduka yanafungwa, mitende inasimama kimya, yanabaki mapaka na mngurumo wa viyoyozi. Lakini nilikuwa nasikia magari. Gari linapita polepole, linasimama mahali, mlango unafungwa kwa uangalifu, kisha kicheko cha mwanamke, mara moja, kama mtu kakizibia mkono. Nikawa najiuliza: wanakwenda wapi?

Jumanne ya pili nikapata jibu. Saa tatu kasoro, Bibi alikuwa amekwisha vaa gauni la hariri, buibui juu yake, wanja machoni. Simu ikalia. Akajitupa kitandani na mavazi yake yote, akavuta shuka hadi kidevuni. "Mwambie nimelala," akasema. "Bibi, nitasemaje uongo?" "Uongo gani? Hebu nitazame. Nimesimama? Nimekaa?" Nikamwambia Bwana Salim mama amelala. Akashukuru, akanitakia usiku mwema. Bibi akatoka kwenye shuka kabla sijakata simu sawasawa. Toka nje akaingia Bibi Rahma na mifuko yake ya udi, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya soko la wanawake la Ibra, na yeye alikuwa akija toka Sur jioni ya Jumanne, analala kwa Bibi, asubuhi anauza. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, anaendesha gari kubwa jeupe kama dereva wa lori. Akasema tu, "Gari lipo." Bibi akamuuliza, "Taa?" "Zimezimwa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao siku zote. Bibi akanigeukia. "Unakuja au unabaki kulinda kitanda?"

Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kumwangalia afya yake. Ukweli ni kwamba ningekufa kwa kutaka kujua.

Nyumba ilikuwa karibu na falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, nyumba ya watu wazima wasiokuwa na waume tena, na ndani mlikuwa na wanawake kumi na wawili. Nilitarajia maulidi. Nikakuta karata. Walikuwa wanne wanne kwenye mazulia, mabuibui yametundikwa ukutani kama ngozi za ng'ombe, wanagombana kwa Kiswahili ambacho mimi nilikisikia kwa bibi yangu tu, kimechanganyika na Kiarabu hapa na pale. "Khalas, umeiba, nimekuona." "Nimeiba nini? Macho yako mabovu tangu Darajani." "Mabovu, ndiyo, ndiyo maana nilimkubali kaka yako." Kulikuwa na mkate wa kumimina, sambusa za papa, kahawa ya iliki, na Bibi yangu mgonjwa alikuwa akila kipande kimoja cha kila kitu na kuninyooshea kidole nisiseme. Baada ya karata mmoja aligeuza sufuria, mwingine akachukua dumu la maji, wakaanza kupiga. Sijui nilitazamia nini, lakini sikutazamia kiuno cha mwanamke wa miaka sabini na moja kiwe na habari nyingi namna ile. Alicheza amefumba macho. Nilimtazama nikawaza: mtu huyu ndiye niliyeletwa kumlaza.

Ikaja zamu ya nyumba yetu, na mimi nikaharibu. Bibi aliniambia, "Wapokee kama mnavyopokea wageni kwenu." Kwetu mgeni wa heshima unampokea kwa chetezo. Wakaingia, wakakaa, nikamimina kahawa ya kwanza, kisha nikatoka jikoni nimebeba chetezo kinatoa moshi wa udi mzuri kuliko wote wa Bibi Rahma, nikampelekea wa kwanza kwa tabasamu. Yule mwanamke akanitazama, akamtazama Bibi. Kisha akapitisha moshi kwenye shela lake, akasema, "Haya, masalkheri," akasimama. Wa pili akafukiza, akasimama. Sikuelewa. Dakika tano baadaye karata zilikuwa bado zimefungwa na kumi na mmoja walikuwa mlangoni wanatafuta viatu. Kumbe Oman udi ni wa kuagia: chetezo kikipita, ziara imekwisha, na hakuna mwenye adabu atakayekaa. Nilikuwa nimewafukuza bibi za watu kumi na mmoja kabla hawajamaliza kikombe. Bibi Rahma alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ubavu. "Mtoto wa Tanga katutoa kwa adabu zote," akasema. Bibi Zuwena hakucheka mara moja. Alinitazama tena kwa lile jicho la kuchagua kitambaa, na safari hii akachagua. "Hicho kitu ulichofanya," akasema, "kitatufaa."

Na kilitufaa. Mama Khulud alikuwa na tabia ya kuja baada ya magharibi na kukaa, akihesabu nani kapita uchochoroni, na alikuwa na namba ya Bwana Salim. Jumanne Bibi alimkaribisha vizuri, akampa kahawa, akamsikiliza habari ya magoti yake, kisha akaniita kwa sauti ya uchovu, "Mwanangu, mletee Mama Khulud udi." Nikaleta. Mama Khulud akafukiza, akaaga, akatoka, na nusu saa baadaye taa za gari zikazimwa nje. Ndiyo maana hakumwona Bibi akitoka usiku hata siku moja. Tulihakikisha.

Nimejaribu kumweleza mume wangu habari za mwaka ule, hapa Nizwa nilikoolewa, akaniuliza, "Sasa mlikuwa mnafanya nini hasa?" Nikamwambia: tulikuwa tunakaa. Akasema na nyumbani unaweza kukaa. Ndipo nikakasirika, na nikikasirika huwa nasema ovyo, kwa hiyo sikumweleza vizuri. Ningetaka kumwambia kwamba nilijifunza Kiarabu kwenye matusi ya karata. Kwamba nilijua nani alimpenda nani Malindi kabla ya wote kukimbia, na nani bado anaota mlango wa nyumba yao. Kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilidhani uzee ni kungoja, na wale wanawake wakanionyesha mambo yao mengine kabisa. Yeye kila Ijumaa yuko na wenzake mpaka saa saba, hakuna anayemuuliza wanafanya nini hasa. Mimi tangu nimzae Aziza, magharibi ikiadhiniwa na niko nje, simu inalia.

Kiangazi cha mwaka ule Ibra iligeuka tanuri. Bibi Rahma akasema jamaa zake wako Masira, kisiwani, kuna upepo, kuna watu, twendeni siku mbili. Bwana Salim aliambiwa tunakwenda Sur kumtazama Bibi Rahma anayeumwa. Aliyesemekana anaumwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tulipotoka mjini, badala ya kushika njia ya Sur akashika ya Sinaw, na Bibi Zuwena akaanza kuimba kwa sauti ya chini, mkono nje ya dirisha, upepo wa moto unampiga. Tukavuka kwa feri. Nilikuwa sijawahi kuona mahali pasipo na haraka namna ile. Mwenye duka alikuwa amelala, akatuambia tuchukue tunachotaka na tumwachie pesa chini ya jiwe. Mbuzi walikuwa wamekaa barabarani na magari yanawazunguka. Niliuliza usiku watu wanafanya nini hapa, na binamu mmoja wa kike wa Bibi Rahma akanijibu, "Mchana ndiyo hatufanyi kitu. Usiku tuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake walikuja wenyewe na magari yao, sita, la saba letu, wakayapanga mchangani pua kwa mkia, yakawa duara lenye uwazi mmoja tu upande wa bahari. Magari ndiyo ukuta: yanazuia upepo, na yanazuia macho. Ndani ya duara wakatandika mikeka, wakawasha moto wa kuchoma nguru, mabuibui yakavuliwa yakatupwa juu ya maboneti. Hapakuwa na paa, nyota zilikuwa nyingi mpaka ni ovyo. Magharibi ilipopita nilimpiga Bibi sindano yake kama kila siku, samaki alikuwa karibu kuiva. Dumu likaanza kulia. Bibi akasema atacheza kidogo kwanza, samaki hakimbii.

Kisha kasa akaingia. Aliingia kwenye uwazi wetu, kutoka baharini, mkubwa kama meza ya kahawa, anajikokota na kupumzika, anajikokota na kupumzika. Binamu akapiga kofi moja, dumu likanyamaza. "Moto," akasema. Masira kasa akipanda kutaga hataki taa, akiona mwanga anarudi na mayai yake. Wakaufukia moto kwa mchanga, na samaki mbichi nusu juu yake. Simu zikafunikwa. Tukakaa gizani, wanawake kumi na saba, tunamsikiliza anachimba. Mchanga ulikuwa ukiturukia usoni. Bibi Zuwena alikuwa amenishika mkono, ananong'ona maswali kama mtoto: anachimba kwa miguu ipi, analia kweli au ni maji ya bahari, anajuaje pa kurudi. Kisha akaniambia sikioni, "Mtazame. Mzee mzima, katoka usiku peke yake, wala hajampigia mtu simu." Nikajiziba mdomo nisicheke.

Ilichukua saa nzima na zaidi. Nilikuwa natazama kasa. Nilikuwa nimesahau sindano. Mkono wa Bibi uliponilowanisha nilidhani ni unyevu wa bahari, kisha nikamsikia anasema maneno yasiyo na mpangilio, anamwita mtu nisiyemjua, akaniegemea na uzito wote. Sukari imeshuka. Sindano bila chakula, na amecheza. Nilijua ni nini, nilikuwa nimefundishwa ni nini, na badala ya kutafuta tende nikatafuta simu. Bibi Rahma alikuwa ameshaona. "Acha simu, leta asali ya tende, iko garini," akaniambia kwa sauti ya chini na ngumu. "Tutamwamsha. Ukimpigia Salim huyu hatoki tena." Nilimsikia. Naandika hapa kwamba nilimsikia vizuri. Lakini niliona ndege ya kwanza, nikaona maiti mchangani, nikabonyeza jina. "Baba, tuko Masira. Bibi ameanguka." Mwanga wa simu yangu ulikuwa mweupe kama taa ya hospitali. Kasa akageuka akarudi baharini, sijui kama alikuwa amemaliza.

Bibi Rahma alimpaka asali ya tende ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, na baada ya dakika ishirini Bibi alifungua macho, akauliza samaki yuko wapi. Kisha akaona simu mkononi mwangu, bado inawaka. Hakuuliza nimempigia nani.

Bwana Salim aliendesha usiku kucha, akapanda feri ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaja mchangani na kanzu imekunjamana, akapiga magoti, akashika mguu wa mama yake, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikupata mtu wa kumchukia. Alihamisha familia yake kuja Ibra. Funguo za geti zikakaa kwa mkewe. Mimi sikurudishwa Tanga. Mimi nilishukuriwa, nikaongezewa mkataba, nikaitwa dada. Bibi Rahma alikuja Jumanne moja, akakuta geti limefungwa, akaacha furushi la udi kwa Mama Khulud, hakurudi tena. Na Bibi Zuwena aliniambia, nikimpiga sindano kesho ya usiku ule wa Masira, "Ulifanya kazi yako, mwanangu." Sijawahi kuambiwa neno la shukrani likanikaa kifuani namna ile. Mkataba wote uliobaki, usiku, watoto na wajukuu wakijaa kitandani kwake kumuuliza kama amekunywa dawa, alikuwa akiniita, "Mwanangu, waletee udi." Wakifukiza wakitoka, ananiambia nivute pazia, na anasikiliza magari. "Hilo linakwenda wapi?" anauliza. Nami nilikuwa namtungia.

Basi msibani, Mama Khulud alikuwa anaendelea. Alifika mahali pa kusema marehemu alikuwa mfano kwa wasichana wa siku hizi, na akanitazama mimi na mwanangu mapajani, kwa sababu jua lilikuwa limeshaanza kuzama na mama mtu bado yuko nje ya nyumba yake. Nilikuwa na majibu. Ningeweza kusema yote, mbele ya binti za marehemu, dumu na kiuno na karata. Nikafikiri: nikisema, nitakuwa nimepiga simu mara ya pili.

Nikamlaza Aziza kwenye mto. Nikaingia jikoni, jikoni mwangu mwa miaka mitatu, chetezo kilikuwa palepale juu ya jokofu. Siku tatu za msiba zilikuwa zinakwisha magharibi ile, kufukiza udi hakukuwa haramu tena. Nikawasha makaa, nikaweka udi, nikangoja moshi uwe mzito. Nikatoka, nikampita mke wa Salim, nikawapita wageni wa Nizwa na wa Sur, nikasimama mbele ya Mama Khulud na kumpelekea moshi chini ya kidevu. Alinyamaza katikati ya neno. Akanitazama, akatazama chetezo. Adabu ni kitu kikubwa. Akafukiza shela lake, akasema, "Allah yarhamha," akasimama na magoti yake. Wakasimama wote, mmoja mmoja, ukumbi ukajaa minong'ono na viatu, na dakika tano baadaye palikuwa na mazulia matupu, vikombe, na Bibi Rahma.

Alikuwa hajaondoka mahali pake. Aliweka tasbihi mfukoni. Alikuwa amezeeka, mabega yameshuka, lakini alivuta ule moshi puani kama mtu wa biashara. "Udi huu wangu," akasema.

"Ndio ule uliouacha kwa Mama Khulud. Bibi hakuumaliza."

Akatikisa kichwa polepole. Nikangoja anihukumu. Nje kukaadhiniwa magharibi. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta, akatafuta ufunguo kwenye mkoba. "Gari lipo," akasema, bila kunitazama.

Nikauliza, "Taa?"

"Zimezimwa."

Nikamnyanyua Aziza, kichwa chake begani pangu, kizito kwa usingizi. Tulikuwa tumeshafika barazani simu ilipoanza kulia ndani ya mkoba. Bibi Rahma akasimama, akanigeukia kwa mara ya kwanza siku ile, akangoja kuona. Nikapokea. Nikamwambia baba Aziza mtoto hajambo, mimi sijambo, niko na watu, na nitarudi nikirudi.